Lupemba Niliyompaka Godefroid

Zimeni hiyo redio, wanangu, mfungue dirisha na mlango wa uani, na wale waliokaa kwenye mabenchi huko nje waambieni wasogee karibu na ukuta, kwa maana ninayosema leo si siri ya nyumba, na pumzi iliyobaki haitoshi kuyasema mara mbili. Wivine, acha kunifunika, joto lenyewe linatosha. Gael, kaa chini, umesimama kama polisi wa barabarani anayengoja gari la mgeni. Na wewe Hénock, kitinda mimba wangu, weka simu. Anayekupigia anaweza kungoja; sisi ametungojesha miaka.

Jana mchana Wivine alipokwenda sokoni niliinama kutafuta kandambili zangu, mkono ukagusa robota chini ya kitanda. Nikalivuta. Vikwembe, vitenge vya sare, vipya, bado vinanuka rangi ya kiwandani. Nikafunua kimoja, nikajiona: picha ile ya siku niliyostaafu, nimezungushiwa maua, chini yake maneno “Buriani Mama wa Elimu”, na pembeni, kwa ukubwa uleule, hapana, mkubwa kidogo, uso wa Honorable Godefroid Kabemba anatabasamu. Tarehe ya kuzaliwa kwangu wameiandika. Ya kufa hawakuiandika; adabu kidogo wanayo. Nimeishi miaka sabini na moja katika nchi hii, nimeona mengi, lakini sikuwa nimewahi kuona mtu akikatiwa sare ya kilio chake angali anakunywa uji.

Sikuuliza nani ameleta. Mfuko ulikuwa na muhuri wa ofisi ambayo Hénock anafanyia kazi. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii ki chini ya kitanda pia.

Kwa hiyo leo asubuhi nimemtuma Gael akodi lori, akawalete watu wetu wa zamani kutoka njia ya Lubudi, na ndio hao mnaowasikia wakikohoa vumbi uani. Nimewaita kwa sababu waliona kwa macho yao jambo nililolifanya, na mila inataka walioona mwanzo waone mwisho. Ninyi wajukuu na ninyi majirani wapya, sikilizeni ili msije mkahadithiwa na mwenye kulipwa kuhadithia.

Godefroid alikuwa mwanafunzi wangu. Nilimfundisha kemia miaka miwili, benchi la tatu upande wa dirisha, mtoto mwenye sauti nzuri na mwandiko mbaya, aliyeinua mkono kabla swali halijaisha na kujibu jambo jingine kabisa kwa uhakika mkubwa. Kipaji hicho mnakiona hadi leo kwenye televisheni. Siku ya mtihani wa taifa wa mwaka wa sita nilimkuta na karatasi ndani ya soksi. Akalia. Akaniambia baba yake amekufa wiki ile, na ilikuwa kweli, kwa maana mwongo hodari hakosi kuchanganya kweli ndani ya chungu chake. Nikaikunja ile karatasi, nikaitia katika mkoba wangu, nikanyamaza. Nilidhani nimeokoa yatima. Kumbe nilikuwa ninaandaa waziri. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi nilimlea kwa kunyamaza.

Sasa nitamtaja Mama Yolande, na Adèle, mwanawe, usiinamishe kichwa, hapa hakuna wa kukuonea haya. Yolande alikuwa Mlunda wa Sandoa, mwenyeji wa jimbo hili, muuza sombe, majani ya muhogo, na makala, makaa ya kupikia. Mimi ni mtoto wa jimbo la Kasai niliyezaliwa hapa hapa Kolwezi, kwa kuwa babu yenu aliletwa na mgodi kuchimba shaba, akaambiwa hapa ni kwako, akaamini. Miaka ile ya tisini, wakubwa walipowaambia watu kwamba njaa yao yote ina jina, na jina hilo ni Mukasai, majirani tuliokuwa tunaombana chumvi walitujia na mapanga, na watu wetu wakajaa stesheni, wakilala juu ya magunia wiki kwa wiki wakingoja treni, wengine wakizikwa kandokando ya reli. Yolande alitusukuma nyuma ya magunia yake ya makala, mimi na baba yenu Beya na Wivine mgongoni, siku kumi na tisa. Vijana walipofika, alisimama mlangoni na mwiko wa kusongea bukari mkononi, akawaambia: “Bakasai? Mu nyumba yangu muko makala na malaria. Munataka gani?” Wakacheka, wakapita. Ninyi nyote mliozaliwa baada ya Wivine mmezaliwa kwa sababu ya mwiko ule. Kumbukeni hilo nitakapofika kwenye habari ya nyumba, maana najua nyuso zitakunjamana.

Miaka saba iliyopita mgodi ulitaka ardhi ya mtaa wetu wa Lufukwe, shimo lipanuliwe liwe kama yale ya mgodi wa Mashamba. Familia mia moja na arobaini zikaambiwa zihame. Watu walikataa. Si kwamba walikuwa wakaidi. Walikuwa na kumbukumbu. Waliahidiwa maji na rais mmoja na barabara na mwingine, na bado wanachota kwa madumu na kukanyaga tope. Shefu wa kartye, mkuu wa mtaa, aliongea hadi koo likakauka, kampuni ikaleta mtu wa projekta, hakuna aliyefunga hata sufuria. Ndipo Godefroid, wakati huo mgombea, akaja hapa uani na kundi lake la wapiga picha. Akavua viatu. Akapiga magoti kwenye saruji, na suruali ya suti, mbele ya mtaa mzima, akaniambia: “Mama Mwalimu, mi niko mutoto yako. Bantu habaniamini mi, banakuamini weye. Unipake lupemba, baone.”

Wenye asili ya Kasai mnaijua lupemba. Ninyi wengine jueni kwamba ni udongo mweupe ambao wazee wetu humpaka mtu kwenye paji la uso na mikononi, kumtangaza kuwa ni safi, hana neno baya tumboni. Lakini watu husahau nusu ya pili, ile ambayo bibi yangu alinifundisha: anayepaka ndiye mdhamini. Aliyepakwa akisema uongo, uongo ule ni wa mkono uliompaka, na utakaa katika nyumba ya mwenye mkono mpaka auoshe mbele ya wale walioona, akiwa hai. Akifa hajauosha, baraka imekwishafungwa, hakuna wa kuifungua tena. Mkono wa maiti ukioshwa ni usafi tu.

Mimi nilijua haya yote, wanangu, na nikacheka moyoni. Nilikuwa mwalimu wa kemia. Nilijua kwamba lupemba ni kaolini, kwamba ukiipeleka maabara utapata alumini na silika na maji, na hakuna hata chembe moja inayomjua mwongo. Nikaona ni mchezo mdogo wa kuwafurahisha wazee, tena kijana anaomba kwa heshima, tena kamera zipo, tena, nisiwafiche, ilikuwa tamu kupigiwa magoti na mtu mkubwa. Nikachovya vidole, nikampaka. Hilo ndilo kosa langu, na ni kosa la msomi: mtu asiyeamini kitu hukichezea bila woga, huku wanaokiamini wanafunga mizigo. Jioni ile ile Yolande alinifuata jikoni. Akaniuliza: “Mwalimu, unamujua muzuri ule mutoto?” Mimi nikaikumbuka karatasi ya soksi. Niliikumbuka, wanangu, niliiona kama ninavyowaona ninyi. Nikamjibu: “Ninamujua.” Akasema: “Basi. Kama weye umemupaka, mi kesho ninafunga bitu yangu.” Akafunga, na mtaa ukafunga nyuma yake. Picha ya mimi na Godefroid na paji lake jeupe ikabandikwa kuanzia soko kuu hadi njia ya uwanja wa ndege, naye akapita kwa kura nyingi, na baada ya mwaka akawa waziri wa jimbo.

Waliwapeleka kilomita arobaini njia ya Lubudi, kwenye nyasi. Nyumba zinakuja, waliambiwa, kaeni kwanza chini ya mashitingi haya, maturubai ya plastiki, wiki tatu. Wiki tatu hizo zina miaka sita sasa. Makelele yalipozidi serikali ya jimbo ikatoa ripoti, kitabu kizuri chenye karatasi za kung'aa, na ndani yake picha mia moja na arobaini za nyumba mia moja na arobaini, kila moja na namba yake mlangoni. Nilikinunua. Nilisahihisha madaftari miaka thelathini na mmoja, na mwalimu wa namna hiyo hasomi, ananusa. Kwenye nyumba namba tano, mpera mchanga umeinamia kushoto, umefungwa kijiti kwa kamba nyekundu. Kwenye namba hamsini na mbili, mpera, kamba nyekundu. Kwenye mia na kumi na tisa, vilevile. Walijenga nyumba moja, wanangu. Moja. Wakaipiga picha mara mia moja na arobaini, kijana mwenye rangi akifuta namba na kuandika nyingine. Hata kunakili kwa akili hawakuweza. Godefroid hakuwahi kuweza.

Nilipowaonyesha watu mpera ule, mji ulicheka. Ndiyo, ulicheka. Mafundi cherehani walicheka, wenye pikipiki walicheka, watu wakawa wakimwona mtu ana shati moja tu la kila siku wanamwuliza, “Weye pia, mupera yako iko wapi?” Tumefundishwa kucheka hivyo, kwa sababu anayecheka hawezi kurusha jiwe. Kisha ikaundwa tume ya kuchunguza. Tume ikaja na magari saba, ikakaa chini ya hema, ikala mbuzi wawili ambao watu wa mashitingi ndio walioambiwa wawatoe, kwa kuwa mgeni ni baraka, ikaondoka, ikaandika kwamba kazi imefikia asilimia tisini na saba. Mwenyekiti wa tume leo ni balozi mahali fulani penye baridi. Na ile nyumba moja, mnajua nani anakaa ndani? Mlinzi wa kulinda nyumba hiyo.

Yolande alikufa mvua ya pili. Kuhara, siku mbili. Zahanati ilikuwa kwenye ripoti, ukurasa wa mwisho, na msalaba wake mwekundu. Kwenye nyasi haikuwapo. Adèle alimpakia kwenye pikipiki katikati yake na dereva, wamemfunga kwa kikwembe asianguke, na walipofika Lubudi mjini dereva ndiye aliyetambua kwamba pikipiki ina watu wawili walio hai, si watatu. Mimi nilikwenda kumzika. Watu wakanipisha njia, wakaniita Mama Mwalimu, wakanipa kiti. Hakuna aliyenitukana. Laiti wangenitukana.

Sasa habari ya nyumba hii tuliyomo. Mmewahi kujiuliza kwa nini Lufukwe yote imeliwa na shimo, na lupango yetu, kiwanja hiki, iko pale pale, na mpapai wake na choo chake? Mimi sikujiuliza, na mwalimu asiyejiuliza ana sababu zake. Miaka mitatu iliyopita mpimaji mmoja mstaafu, mtu wa haki, alinionyesha ramani. Mstari wa kuhamisha watu unakuja umenyooka kutoka relini, unakata mtaa wote, na ukifika mbele ya mlango wangu unapinda, unaizunguka nyumba kwa heshima kama kuku azungukaye mbwa aliyelala, kisha unanyooka tena. Hakuna aliyeniambia. Hakuna aliyenipa bahasha. Walinilipa kwa kunipita. Na nilipojua, nilifanya nini? Nilikwenda kunywa chai. Nilijiambia mimi ni mzee, nina mapafu mabovu, na mwezi uleule Hénock alikuwa amepata kazi katika ofisi ya waziri, amenunua shati jeupe, amemleta Naomie, mchumba wake, kumtambulisha kwetu. Nikanyamaza miaka mitatu. Ulimi hauna mfupa, lakini wangu uliota mfupa kabisa.

Nipe maji, Wivine. Kidogo tu. Basi.

Ninasikia wataalamu redioni wakilalamika kwamba raia hawana imani tena na viongozi, na wanaandaa semina, wanakodi hoteli, wanajadili namna ya kuirudisha. Uongo mtupu. Watu hawa waliokaa uani waliamini, waliamini mpaka wakabeba vitanda vyao kichwani. Imani haikupotea kama ufunguo, ilitumiwa. Kiongozi mwongo hana imani ya kwake mwenyewe, huvaa ya wengine: ya padri aliyemwombea, ya mwalimu aliyemfundisha, ya bibi kizee aliyempaka udongo. Bila mikono yetu misafi angekuwa mtu tu anayepiga kelele barabarani. Kwa hiyo msiniambie ni wao tu. Ninamkasirikia Godefroid, ndiyo, hasira yangu kwake ni hasira ya mtu na mwizi. Hasira niliyo nayo juu ya mkono huu wangu wa kulia haina jina.

Na sasa uchaguzi unakaribia, ananitaka tena. Safari hii nikiwa nimelala, nimefunga mdomo, mwanafunzi mzuri kuliko wote. Atakuja na mahema, na viti vya plastiki, na bendi ya kupuliza, atalia kwenye kipaza sauti, na ninyi wote mmevaa uso wake kwenye matako. Wameniambia wanaotoka huko mjini kwamba hotuba yake imekwisha kuandikwa. Hénock, sikuulizi nani ameiandika. Kiswahili chako ninakijua, nilikusahihisha mimi.

Basi haya ndiyo maagizo yangu, na mtu asiyapunguze. Mnizike siku ya pili, si ya tisa; msiniweke kwenye barafu kungojea ratiba ya mtu. Sanduku la mbao za kawaida, alitengeneze seremala wa hapa karibu na kanisa. Msichangiwe hema. Jua likiwaka, watu wakae kwenye kivuli cha ukuta, mvua ikinyesha, wanyeshewe kidogo. Wenzao wananyeshewa mwaka wa sita. Katika kilio changu mwanasiasa yeyote haongei, hata wa upinzani, hao nao ninawafahamu, wako kwenye foleni tu. Aongee mtu mmoja wa kilomita arobaini, wamchague wenyewe.

Vikwembe msivichome. Pamba haina kosa. Wapelekeeni kina mama wenye watoto wachanga kule kwenye mashitingi, wakate nepi, na upande wenye uso wa Honorable uwe ndani.

Nyumba na lupango ninampa Adèle, na wadogo zake. Gael, nimekusikia ukivuta pumzi. Vuta, kisha itoe. Ninyi mna mikono na mmesoma; mlikuja duniani kupitia mlango wa mama yake, na yeye amepoteza mlango kwa ajili yangu. Hati iko ndani ya Biblia, nimeshaiandika na shefu wa kartye amepiga muhuri. Atakayekwenda mahakamani kudai, akumbuke kwamba atalazimika kumweleza hakimu kwa nini mstari ulipinda.

Hénock. Sogea. Hapana, karibu zaidi, macho yangu yanakuona kama moshi. Sikukuita mbele ya watu nikuaibishe. Najua ukifanya nitakalokuomba, Jumatatu hutakuwa na meza wala shati jeupe, na wakwe zako watauliza. Ungeweza kuniambia, “Mama, afanye Gael.” Gael angefanya haraka, Gael hana cha kupoteza, na ndiyo sababu sitaki afanye yeye. Mwenye kuosha lazima awe na kitu mkononi cha kuacha.

Mninyanyue. Polepole. Wekeni mto mgongoni... hivyo. Ninyi wa uani, mnaniona? Mnasikia? Semeni kama mnasikia. Vizuri. Mimi, binti wa Tshilombo, nilimpaka mtu huyu mbele yenu, nikamtangaza msafi, nikijua kuhusu karatasi yake. Nilidanganya kwa vidole. Leo ninaiondoa. Godefroid Kabemba hana lupemba yangu, hai wala maiti, na atakayewaonyesha picha ile mwambieni mwenye mkono ameuosha. Hamlazimiki kunisamehe. Sikuwaita kwa ajili ya hilo.

Wivine, Mungu akupe usingizi, umekesha nami sana. Gael, akupe subira, na mke mwenye kelele. Adèle, mwanangu, akupe paa lisilovuja, na hasira isiyokuozea tumboni, uitumie... uitumie ikiwa bado ya moto. Watoto wa watoto wenu waulize maswali mpaka wachukiwe. Msiogope kuchukiwa, ni... ngojeni.

Pumzi.

Hénock, beseni liko kwenye kiti. Jagi lile la bati. Huu ndio mkono wenyewe, ushike chini ya kiwiko, hauna nguvu ya kujiinua. Wewe hujapata baraka yako, najua, inakuja nyuma ya maji. Acha iite hiyo simu, iache. Mimina, baba. Mimina yote, usiogope kulowesha shuka.